Feni ya Chaani na Mashine ya Mkomani

Kila Jumatatu ya kwanza ya mwezi, Nyamvula alifungua mgongo wa mashine ya kusafishia hewa iliyokuwa sebuleni kwa Bwana Bramwel, huko Mkomani, akachomoa filta na kuipangusa kwa brashi laini kama alivyoagizwa. Filta haikuwa na cha kupanguswa. Ilikuwa nyeupe kama siku ilipotoka dukani. Dirisha la sebule lilitazama bustani, ng'ambo ya bustani palikuwa na bahari, na upepo ulioingia humo ulikuwa umetoka mbali bila kupita mlangoni kwa mtu. Mashine za namna hiyo zilikuwa tatu nyumbani mle: ya sebuleni, ya chumbani, na nyingine katika chumba ambamo Bwana Bramwel alisomea magazeti.

"Hiyo moja ni laki mbili," Lynnette, mke wa Bramwel, alimwambia. "Kwa hivyo uishike kama mtoto."

Nyamvula alikuwa na mtoto. Aliitwa Vivian, alikuwa na miaka tisa, na kifua chake kilipiga mluzi tangu jua lizame hadi asubuhi. Waliishi Chaani, upande wa Changamwe, nyumba ya tatu kutoka ukuta wa kiwanda kinachosaga klinka, yale mawe yaliyochomwa, kuwa saruji. Vumbi la kiwanda hicho lilitua juu ya mabati, juu ya nguo zilizoanikwa, ndani ya unga na ndani ya masikio ya mbuzi. Bwana Bramwel alikuwa meneja wa mazingira wa kiwanda hicho hicho.

Kaingu, mume wa Nyamvula, alifanya kazi humo miaka kumi na saba, kisha akafa kwa kifua. Daktari wa kampuni aliandika kwamba kilichomwua ni sigara. Kaingu hakuwahi kuvuta sigara hata moja. Nyamvula alipokwenda kulalamika, karani alimwambia kwa upole kwamba jambo la mtu kuvuta au kutovuta ni siri ya mtu, na anayeweza kulikanusha ni marehemu mwenyewe. Nyamvula alishukuru akaenda zake. Hiyo ilikuwa miaka minne iliyopita, na hasira aliyotoka nayo pale kwa karani hakuwa ameiweka chini bado.

Mwezi wa pili mwaka huu, Vivian alilazwa zahanati siku tano. Waliporudi nyumbani, Nyamvula alikwenda kwa Kadenge, fundi wa friji na viyoyozi pale Magongo, akamweleza ile mashine ya Mkomani ilivyo: urefu wake, mlio wake, taa yake ya samawati.

"Mashine ile ni feni na filta, dada," Kadenge alisema. "Hayo mengine ni taa na jina la kampuni."

Alimtafutia filta nne bapa za viyoyozi vya ofisini. Alizisimamisha zikawa kuta nne, chini akaweka kipande cha katoni, juu akalaza feni ya mraba ikitazama dari, akaziba kila upenyo kwa utepe wa gundi. Vyote pamoja havikufika elfu saba. Kitu chenyewe kilionekana kama mzigo wa mtu anayehama. Nyamvula alikibeba kichwani hadi nyumbani, akakiweka kando ya kitanda cha Vivian, akawasha. Mtoto alilala bila kupiga mluzi. Nyamvula alikaa macho akimsikiliza, kwa kuwa alikuwa amezoea kusikia kitu.

Jumapili baada ya ibada alizima feni na kuzikung'utia zile filta ndani ya karai. Vumbi lilitoka jingi, la kijivu, laini kama poda. Halikutawanyika. Lilijikusanya chini ya karai, likajipanga, likawa mguu wa mtu mzima kutoka kifundoni kwenda chini, wenye kovu la moto juu ya kidole gumba. Nyamvula alilitambua lile kovu. Alikuwa amelipaka dawa wiki tatu, mwaka ule klinka ya moto ilipoingia ndani ya buti la Kaingu. Alifunika karai kwa leso akaenda kupika.

Jumapili iliyofuata ulipatikana mguu wa pili. Halafu magoti, halafu kiuno, kikiwa tayari kimevaa ovaroli. Nyamvula alilitoa karai akaweka kiti. Gladys, jirani yake, naye alikuwa ametengenezewa sanduku lake na Kadenge, akaja kusema kwamba kwake yeye limeanza bega la kaka yake, na akauliza kama ni bora kuliweka mezani au sakafuni. Nyamvula alimwambia popote pasipo na maji.

Jumapili ya saba Kaingu alikamilika. Alikuwa kijivu mwili mzima, hata macho, na alipogeuza shingo lilianguka vumbi kidogo mabegani.

"Hujambo, mama Vivian," alisema.

"Sijambo. Umekuja."

"Nimekuja. Hilo feni lavuta vizuri."

Vivian alitoka chumbani, akasimama mbele yake. "Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Kifua je?"

"Kimenyamaza."

Alimkumbatia, akalia kidogo kwenye mkono wa ovaroli. Pale machozi yalipoangukia, vumbi lilikauka likawa saruji, madoa matatu magumu yenye upana wa sarafu. Tangu siku hiyo waliangalia asilowe. Hakula wala hakunywa. Aliketi karibu na mlango na kuangalia kiwanda.

Siku ya tatu, jua lilipozama, alisema, "Sasa wamezima."

"Wamezima nini?" Nyamvula aliuliza. Alikuwa anachambua mchicha.

Kaingu alimweleza. Kiwandani, chini ya dohani, kulikuwa na chombo kikubwa kama nyumba, chenye mifuko mia nne ya kunasia vumbi. Kilifanya kazi ile ile ya sanduku la Vivian, ila kilifanya kwa ajili ya Changamwe nzima, na kilinasa vumbi kabla halijatoka. Mchana kiliwashwa. Magharibi, giza likiingia na moshi usionekane tena, kilizimwa, kwa sababu kilikula stima nyingi. Kikiwa kimezimwa, vumbi lote lilipanda dohani na kutua Chaani.

"Na nani huzima?"

"Kuna swichi. Nilikuwa nazima mimi."

Nyamvula aliendelea kuchambua mchicha mpaka ukaisha. "Miaka kumi na saba," alisema. "Halafu waja nyumbani, wala wali, wamsikia mtoto anavyohema. Ulijua?"

"Niliamrishwa."

"Sikukuuliza uliamrishwa nini."

Kaingu aliitazama mikono yake. "Nilijua," alisema.

Nyamvula hakumsemesha siku nne. Alimhamisha na kiti chake, akamgeuza uso ukutani, na alipofagia alifagia kumzunguka kama mtu anavyofagia kuzunguka gunia. Usiku alilala ubavuni mwa Vivian. Siku ya tano alikigeuza kiti, akamwambia, "Waja watu wa kampuni Ijumaa. Utakwenda useme kama ulivyoniambia mimi."

"Nitakwenda."

Kampuni ilikuwa imesikia manung'uniko. Iliahidi kuzipa nyumba ishirini za karibu na ukuta mashine za kusafishia hewa, zile zile za laki mbili, na kila atakayepokea angeweka sahihi kwamba hana malalamiko tena. Mkutano ulifanyika ndani ya kanisa. Bwana Bramwel alikuja na mashine moja ndani ya boksi, akaja pia afisa wa serikali aliyekuwa na kipima vumbi mkononi. Nyamvula aliingia na sanduku lake kichwani, Kaingu nyuma yake. Watu walisogea wakawapa nafasi kwenye benchi.

"Nyamvula," Bramwel alisema, akastaajabu kidogo kumwona mtumishi wake wa nyumbani pale. Kisha akamtazama mumewe. "Kaingu. Habari za siku nyingi?"

"Njema, mkubwa."

Nyamvula aliomba vifaa vyote viwili vipimwe. Afisa hakuona ubaya. Vilipimwa katika chumba cha mchungaji, kimoja baada ya kingine, mlango umefungwa na vumbi limetiwa sawasawa. Mashine ya laki mbili ilichukua nusu saa kuisafisha hewa ya chumba. Sanduku la Kadenge lilichukua dakika ishirini na moja. Afisa alirudia kupima, akapata vile vile, akaandika.

"Pana chombo cha tatu ambacho hamkukipima," Kaingu alisema, akasimama.

Alieleza mambo ya mifuko mia nne na swichi. Alitaja saa ya kuzima, majina ya wasimamizi na mahali ufunguo ulipowekwa. Alisema kuwa alizima kwa mkono huu, akauinua, na watu wa benchi la mbele wakapangusa vumbi magotini. Alisema pia hakuvuta sigara. Aliongea polepole, na hakuna aliyemkatiza.

"Kitambulisho chako?" afisa aliuliza.

"Kilirudishwa nilipokufa."

Afisa aliitikia kwa kichwa, akaacha nafasi tupu kwenye fomu. Bwana Bramwel alisema, bila kupandisha sauti, kwamba kampuni inaheshimu maoni ya kila mtu, lakini cheti cha kifo cha mzee huyu kimetaja sigara, na mtu hawezi kusadikiwa kwa habari za kiwanda ikiwa hasadikiki kwa habari za kifua chake mwenyewe. Wenzake waliokaa karibu naye waliona ni hoja nzuri.

Barua ya yule afisa ilikuja baada ya wiki mbili. Nyamvula aliisoma akiwa amesimama mlangoni, kisha akamsomea Kaingu. Ilisema vipimo vimeonyesha kwamba masanduku yanayotengenezwa na wakazi wenyewe ni bora kuliko mashine ghali, na gharama yake ni ndogo. Kwa hiyo hapakuwa na haja tena ya kampuni kutoa mashine ishirini. Ilisema pia kwamba, kwa kuwa wakazi wamepata njia ya kujikinga iliyo ndani ya uwezo wao, kiwanda hakikulazimika kubadili chochote. Iliwapongeza kwa ubunifu. Maelezo ya Kaingu yaliambatishwa nyuma, ukurasa wa mwisho, chini ya kichwa kilichosema Sampuli ya Vumbi.

Nyamvula aliikunja barua mara nne.

"Baba Vivian," alisema. "Kesho twende wote kazini."

Walifika Mkomani saa mbili asubuhi. Nyamvula alivuta kiti cha ngozi, akakiweka mbele ya mashine ya sebuleni, Kaingu akaketi. Taa ya samawati ikawa nyekundu papo hapo, na mashine ikaanza kunguruma kwa sauti ambayo nyumba ile haikuijua. Lynnette alitoka chumbani akiwa na gauni la kulalia.

"Huyu ni nani?"

"Ni mume wangu, madam. Alifanya kazi kwa bosi."

"Sawa. Utamletea chai?"

"Hanywi. Maji hayamfai."

Mashine ilimvuta Kaingu vidole vya mkono wa kushoto, kisha kiganja, na kabla ya adhuhuri ikaziba ikazimika. Nyamvula aliichomoa filta. Safari hii ilikuwa na uzito wa mtoto mchanga. Bwana Bramwel aliporudi jioni alimkuta Kaingu ameketi vile vile, mkono mmoja umekatikia kwenye kifundo.

"Wataka nini, Kaingu?"

"Muwashe mifuko usiku, mkubwa."

"Hilo si langu peke yangu," Bramwel alisema. Alionekana amechoka. Alikwenda kuoga.

Kesho yake Kaingu alikuja tena, na keshokutwa yake. Lynnette alinunua mashine kubwa zaidi, nayo ikaziba siku ya tatu. Walinunua ya namna ya hospitali, na kampuni ikailipia, kwa kuwa ililetwa na mambo ya kazi. Hiyo iliweza. Ilimla Kaingu kidogo kidogo tangu Jumatatu hadi Jumamosi, na Jumapili Nyamvula alikung'uta filta za sanduku la Chaani akamjaza palipopungua. Vumbi la kumjazia halikukosekana hata wiki moja. Hakuna aliyemfukuza Nyamvula kazi. Lynnette alisema kupata mtu mwaminifu siku hizi ni shida. Wageni walipokuja kula, walimpa Kaingu mkono wa kulia, kisha wakaenda kunawa.

Vivian alirudi shuleni. Usiku ambao stima ilikuwapo alilala. Stima ilipokatika, na Chaani ilikatika mara mbili au tatu kwa wiki, feni ilisimama na mluzi ukarudi, na Nyamvula alimpepea kwa kifuniko cha sufuria mpaka mkono ukafa ganzi. Ng'ambo ya ukuta, taa za kiwanda hazikuzimika.

Siku moja ya mwezi wa nane, Bwana Bramwel alikula mapema. Nyamvula alikuwa amesimama karibu na kabati, anangoja kuondoa vyombo. Nje rangi ya bustani ilikuwa inakwisha.

"Mkubwa," Kaingu alisema kutoka kitini, "magharibi imeingia. Wamezima."

"Najua, Kaingu," Bramwel alisema. Akanyoosha mkono bila kuinuka, akaiongeza mashine nguvu.