Vipimo vya Watu Kumi na Tisa

Alama ilikuwa ya kijani, na chini yake neno moja: Tayari. Kwa miaka sita nimeiona kwenye kompyuta yangu kila siku saa saba na nusu mchana, programu yangu ikimaliza kunakili mafaili ya karakana, nikaiamini, nikaenda zangu kula. Ndiyo maana asubuhi ile kompyuta ya chumba cha vipimo ilipogoma kuwaka, sikushtuka. Nilimwambia mkuu wa karakana, "Nakala ipo," kwa sauti ya mtu aliyechoka kuulizwa.

Karakana yetu inatengeneza miguu ya bandia. Mwandishi wa programu ni mimi peke yangu, fundi wa printa ni mimi, na kipanya kikikwama naitwa mimi. Huu ni mwaka wangu wa ishirini na mbili katika kazi hii, na hamu imeniisha. Sina haja ya kujipamba. Mezani palikuwa na jedwali lililonila wiki nzima: zana tatu za kuhifadhi nakala, bei zake, kasi zake, nafasi zake. Mkuu alitaka nichague moja kabla ya jioni.

Siku hiyohiyo ndiyo aliyoichagua mpwa wangu kuja kuniomba ushauri.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Kaa, lakini usiguse waya."

Ni mwalimu wa hesabu, na alikuwa amekuja na maswali yameandikwa kwenye daftari kwa mwandiko wa ubaoni. Aanze na lugha gani ya programu? Kwa umri wake, nani atamwajiri? Nilimjibu huku nikirejesha mafaili kutoka kwenye diski ya nakala.

"Baki na chaki yako. Huku utazeeka kabla ya mama yako."

Alicheka. Mimi sikuwa natania.

Mafaili yalirudi moja baada ya jingine, mpaka nikafika kwenye lile la vipimo vya watu ambao miguu yao bado haijatengenezwa. Lilifunguka vizuri. Lakini majina yote yalikuwa ya watu waliokwisha kuondoka zamani wakitembea. Tarehe yake ilikuwa ya miezi miwili nyuma. Nilirudia mara tatu, na mara zote tatu yalirudi majina yaleyale.

Nilimwita mpimaji wetu, tunayemwita Bi Tepu.

"Faili la vipimo huwa unalifunga ukienda kula?"

"Silifungi, baba. Likifungwa, kulifungua tena ni shughuli, na watu wananisubiri."

"Tangu lini?"

"Tangu uliponiambia mashine imezeeka, niivumilie."

Programu yangu ilikuwa ikiruka kila faili ililolikuta wazi, kisha inawasha kijani chake. Mara ya mwisho kulikuta limefungwa ni siku umeme ulipokatika, miezi miwili nyuma. Na mimi, katika miaka sita, sikuwahi hata mara moja kurejesha faili moja tu nione kama linarudi. Watu kumi na tisa walikuwa wamepimwa tangu siku hiyo, wengine baada ya safari ya siku mbili kwa magongo. Niliona aibu, aibu ya kweli, mbele ya binti wa dada yangu.

Mkuu, nilipomweleza, alijikuna kidevu. "Tuwaambie mashine imeharibika. Si kweli imeharibika?"

Ilikuwa kweli, na ilikuwa njia nyepesi. Mpwa wangu aliinamia daftari lake kana kwamba hakusikia. Niliinuka.

Kwenye benchi la ukumbini alikaa mmoja wa wale kumi na tisa, mama mshonaji, ambaye mguu wake ulikuwa uanze kutengenezwa siku ile. Nilimweleza yote: kwamba vipimo vimepotea, na kwamba kosa ni langu, si la mashine wala la Bi Tepu.

"Hiyo nakala yako," aliuliza, "ulishawahi kuijaribu?"

"Hapana, mama."

"Basi wewe ni mvivu."

Alipekua mkoba wake, akatoa daftari lililochakaa, lenye vifua na viuno vya wateja wake. Katika ukurasa wa mwisho palikuwa na vipimo vya mguu wake.

"Siku ya kupimwa nilimwomba yule dada wa tepu anisomee, nikaandika. Sijui kuishi na namba iliyo mahali pamoja tu."

Mpwa wangu alikuwa amesimama mlangoni. "Wamebaki kumi na wanane," alisema. "Nani atawapigia simu?"

"Mimi."

"Utawaambia nini?"

"Hayohayo niliyomwambia mama."

Alikaa mwisho wa benchi na kufungua daftari lake. Ukurasa wa maswali ulikuwa bado na nafasi chini ya lile la kwanza, aliyoiacha kwa ajili ya majibu yangu. Aliupita, akaanza ukurasa mpya.

"Nisomee, mjomba. Na mimi naandika."

Nilichukua daftari la mshonaji. Macho yangu si ya zamani, ikabidi nilisogeze dirishani.

"Chini ya goti, thelathini na moja na nusu."

"Thelathini na moja na nusu," alirudia mpwa wangu.

"Haya, msomee tena," alisema mshonaji. "Taratibu."

Nikasoma tena.