Siku Sadia Alipokataa Kukata

Kwa miaka mingi Sadia alikuwa mhariri katika studio moja Nairobi, kazi yake kuunganisha vipande vya tamthilia vilivyorekodiwa na wengine. Akiwa pale mbele ya kompyuta, hakuacha kuwanung'unikia waongozaji: "Si ungemwacha huyu mama amalize kulia?" Bosi wake, Nzai, akachoka kumsikia. "Sehemu ijayo tunaipigia picha Garsen, kwenu," akamwambia. "Nenda ukaiongoze mwenyewe."

Akaenda mbio. Lakini asubuhi ya kwanza tu, mambo yakaenda mrama. Kila alipopata kipande alichokitaka, alipiga kelele, "Kata!"

"Mwanangu," Mwanaarusi, mwigizaji mkongwe kutoka Hola, akamwambia, "hasira haijanipanda, wewe umeshaizima. Utuache tuigize."

Sadia akaona haya. Kweli, kichwani mwake bado alikuwa anahariri.

Katika onyesho lililofuata, Mwanaarusi, akiwa mama wa bibi harusi, alipaswa kumkataa ng'ombe wa mahari kwa kuwa amekonda, na posa ivunjike. Ng'ombe mwenyewe aliazimwa kutoka kwa Mzee Abdinur, mfugaji wa pale pale, aliyesimama pembeni na fimbo yake. Mvua ilikuwa imenyesha vizuri. Mnyama amenona, anang'aa.

Kamera ikawashwa. Mwanaarusi akamzunguka ng'ombe, akabetua midomo. "Huyu ni ng'ombe au kamba ya kuanikia nguo?"

Abdinur hakuvumilia. Akaingia moja kwa moja mbele ya kamera. "Wewe mama, macho iko? Hii ng'ombe imekonda wapi? Shika hapa! Shika!"

Neno "kata" likamfika Sadia kwenye ncha ya ulimi. Dhadho, mpiga kamera, akamtazama, akingoja. Sadia akalimeza, akamwashiria aendelee.

"Nishike nini, mifupa?" Mwanaarusi akajibu bila kupepesa.

Wakavaana. Mzee akamsifia ng'ombe wake, akamsifia mama yake ng'ombe, akafika kwa nyanya yake ng'ombe, hadi Mwanaarusi akainua mikono. "Haya, mzee, nimemkubali! Na mkwe pia nimemkubali!"

Watu wote wakaangua kicheko. Sadia akamwendea Abdinur, akamwomba radhi kwa Kiorma, kisha ruhusa ya kuyaonyesha majibizano yale.

"Najua mnaigiza," mzee akasema. "Lakini ng'ombe wangu haigizi. Amenona kweli. Onyesha, watu wajionee."

Jioni Nzai alipiga simu, picha ameshaziona. "Sadia, posa ilitakiwa ivunjike. Hadithi yote umeigeuza!"

"Nimeshaongea na mwandishi. Wataoana, halafu ugomvi uanzie nyumbani kwao. Si ndivyo inavyokuwa?"

Nzai akacheka mpaka akakohoa. "Basi sehemu zilizobaki zote ni zako."

Sadia alitaka kuruka kwa furaha, ila Dhadho alikuwa anamwita. Kesho walikuwa wanapiga picha Chara, kando ya mto, na mwenye mtumbwi wa kutumia kwenye onyesho alikuwa bado hajapatikana.