Viazi vya Wiki Sita

Ganda lilipasuka mkononi mwa Ardella Kvamme, na kijiko kikatokeza upande wa pili.

"Tazama sasa ulichofanya," alikiambia kiazi.

Alikisukumia kwenye sahani ya waliofeli, ambako wenzake wawili walikuwa wamelala wakisubiri. Orrin angevila mchana. Miaka yote ya ndoa yao, kila kilichofeli jikoni kiliishia kwa Orrin, naye hakuwahi kulalamika wala kugundua.

Tangu alfajiri oveni ilikuwa haijapoa. Viazi vilikuwa vimeoshwa, vimetobolewa kwa uma, vimepakwa mafuta na kuokwa saa nzima na robo, kisha vikakatwa kwa urefu vingali moto wa kumfanya Mkristo ataje maneno asiyoyataja kanisani. Lakini ujuzi wote ulikuwa kwenye kukwangua kiini. Ukibakiza kingi, hakuna nafasi ya kujaza. Ukikwangua kwa tamaa, ganda linalegea na kulala kama soksi. Shurti ubakize ukuta, unene wa kidole kidogo, ganda lisimame lenyewe. Kile kiini unakiponda kwa siagi, maziwa, malai chachu, jibini, vipande vya bekoni na majani ya vitunguu, kisha unakirudisha nyumbani kwake kikiwa tajiri kuliko kilivyotoka. Ndipo unavigandisha juu ya sinia, vikiwa uchi, na vikishakuwa vigumu kama mawe unavivika foili kimoja kimoja. Anayevivika kabla ya hapo atakuja kuvibandua kwa patasi.

Leo kosa halikuwa tamaa. Lilikuwa goti. Kila alipoegemea mguu wa kulia, kitu kilimchoma mpaka mkono ukaruka. Kesho kutwa madaktari wa mjini wangelitoa goti hilo na kumwekea la chuma. Wiki tatu angekaa huko akifundishwa kutembea upya, na wiki tatu nyingine angekuwa nyumbani, kitini, asisimame jikoni. Jumla sita. Ndiyo maana ya viazi vyote hivi.

Asidhani mtu kwamba Ardella alihofia Orrin afe njaa. Alichohofia ni mabakuli.

Kule Nybo, mji mdogo katika Bonde la Mto Mwekundu ambako ardhi ni tambarare na kila familia imewahi kuishi kwa viazi, mtu akiugua majirani hawaulizi wamsaidie nini. Wanawasha oveni. Bakuli la kwanza la chakula ni salamu, la pili ni pole, na la tatu likifika mgonjwa bora aandike wosia. Ardella alikuwa mpelekaji tangu alipoolewa. Alipeleka kwa wafiwa, kwa waliojifungua, kwa walioungua nyumba, kwa mwanamume aliyekimbiwa na mkewe na kwa mkewe pia. Alizijua sana nyuso za wapokeaji pale mlangoni, wamevaa ndara, wamenywea, wakishukuru kwa sauti ya watoto. Wahenga walisema kutoa ni moyo. Kuhusu kupokea walikaa kimya. Ardella alikuwa ameapa kwamba yeye pale mlangoni hatasimama, na kama goti haliruhusu kusimama, hata kukaa hatakaa.

Alikuwa anajaza sinia la tatu Marlys Bjerke alipoingia kwa mlango wa nyuma, akigonga theluji viatuni. Marlys, jirani wa ng'ambo ya barabara, hakuwa mtu wa kupiga hodi. Hodi yake ilikuwa kikohozi, nacho alikitoa akiwa tayari ndani.

"Mama wee! Unalisha jeshi?"

"Namlisha Orrin."

"Si ndicho ninachosema." Marlys akavua kofia, akavitazama viazi kwa jicho la mtaalamu. "Umevijaza vizuri. Mimi ningeweka na paprika juu, lakini kila mtu na macho yake."

"Kila mtu," alikubali Ardella.

"Basi nitamletea mzee kitu kidogo, siku mbili tatu."

"Usijisumbue."

"Usumbufu gani, mwenzangu, nami napika hata hivyo?"

"Hapana, Marlys. Kweli. Friza imejaa mpaka kifuniko."

"Haya," alisema Marlys, kwa sauti ya mtu ambaye hakusikia lolote.

Na hapo ndipo penye kazi. Nybo hakuna anayekubali kitu mara ya kwanza. Hata ya pili hakubali. Unakataa mara mbili, ya tatu unapokea shingo upande, na hiyo ndiyo adabu. Anayekubali mara moja ana njaa, na mwenye njaa hakulelewa vizuri. Kwa hiyo Ardella alipokataa, Marlys alisikia mwanamke mwenye adabu.

Jioni alimkalisha Orrin mezani kumpa mafunzo. Orrin alikuwa ameendesha lori la viazi kila mavuno kwa miaka arobaini. Alikuwa na uwezo wa kukishika kiazi akiwa amefumba macho, akakwambia kama kilichimbwa kabla ya mvua au baada. Lakini ujuzi wake ulikoma mlango wa jiko. Baada ya hapo kiazi kilikuwa mambo ya wanawake na Mungu.

"Sema tena," aliagiza Ardella.

"Nazungusha kitasa cha oveni mpaka nyuzi mia tatu na hamsini. Navua foili. Dakika arobaini na tano."

"Na mtu akileta bakuli?"

"Nakataa."

"Mara ngapi?"

Orrin akafikiri. "Mbili?"

"Nne, Orrin! Nne!"

"Nne?" Alimtazama kama aliyeambiwa aende kanisani bila suruali. "Hiyo ya nne mtu anasema nini?"

Ardella mwenyewe hakujua. Hakuwahi kufika huko.

Upasuaji ulikwenda salama. Orrin alikuja kumwona kila siku mchana, akakaa kwenye kiti cha wageni na kofia magotini, na kila siku mazungumzo yao yalikuwa yale yale.

"Umekula nini jana?"

"Viazi."

"Vikoje?"

"Si vibaya."

Mume wa Nybo hana sifa kubwa kuliko hiyo. Ardella aliifurahia kimyakimya, akawasimulia hata wauguzi. Wiki ya pili aliona mkanda wa Orrin umesogezwa tundu moja. Wiki ya tatu, tundu jingine.

"Unanenepa wewe."

"Ni viazi," alisema Orrin, akaanza kulichunguza dirisha kana kwamba anataka kulinunua.

Siku ya kurudi nyumbani theluji ilikuwa imefika kwenye visanduku vya barua. Orrin alimshika mkewe kiwiko, naye akaisukuma fremu yake ya kutembelea hatua kwa hatua mpaka jikoni, akaketi. Jiko lilikuwa safi kupita kiasi. Ardella hakulipenda hilo, lakini alikuwa amechoka. Friza ilikuwa kwenye chumba cha chini, ngazi kumi na mbili, na daktari alikuwa amemkataza hata kuziwaza.

"Niletee kiazi kimoja," alisema. "Chakula cha hospitali kimeufanya ulimi usahau kazi yake."

Orrin hakuondoka. Alisimama akiipangusa meza ambayo haikuwa na kitu.

"Kuna tambi," alisema. "Za samaki."

"Tambi?"

"Au wali na kuku. Au ile nyama ya kusaga yenye viazi vya kukaanga juu. Ziko mbili hizo. Moja ina mahindi."

Ardella akaisukuma fremu yake kando.

"Orrin," alisema Ardella taratibu. "Umeutoa wapi wali?"

Basi mzee wa watu akaketi, akakiri yote, akiwa amekitolea macho chombo cha chumvi.

"Nilikataa."

"Mara ngapi?"

"Tatu! Nilikuwa nafungua mdomo kwa ya nne, Marlys akanitia bakuli mikononi. Lilikuwa la moto, Ardella. Ningefanyaje, niliangushe?"

"Ungelirudisha baadaye."

"Nililirudisha. Sasa niambie wewe, ungelirudisha tupu?"

Bakuli la watu halirudi tupu. Nybo afadhali uibe farasi. Chini ya kila bakuli kuna kipande cha plasta chenye jina la mwenyewe, ili lisipotee, na ndani ya kila bakuli linaloondoka kuna kitu, ili usipotee wewe.

"Ukaweka nini?"

"Nilichokuwa nacho," alisema Orrin kwa huzuni. "Vinne."

Yaliyofuata yalieleweka bila kuelezwa, lakini alieleza. Marlys, kwa kupokea viazi vinne vya Ardella, hakuweza kuliacha jambo lilale. Akaleta bakuli kubwa zaidi. Kubwa zaidi likataka viazi sita. Akina mama wengine wa kanisa wakasikia kwamba kwa Kvamme viazi vinatoka, nao wakaja na vyombo vyao, pole mdomoni na jicho kwenye ngazi za chini. Kila bakuli lililotoka lilirudi na ndugu zake.

"Vimebaki vingapi?"

Orrin akaitazama taa. "Vya mwisho vililiwa msibani kwa Selmer Aas."

"Selmer amekufa?"

"Jumanne iliyopita. Sikutaka kukwambia ukiwa umelazwa."

"Mazishi yamefanyika!" Ardella alipiga meza. "Viazi vyangu vimehudhuria, na mimi sijui!" Akatweta. Kisha, kwa sauti ya chini, "Walisemaje?"

"Nani?"

"Watu, Orrin! Juu ya viazi!"

"Mchungaji alikula vitatu."

Vitatu. Mbele za watu, bila aibu. Hasira ya Ardella ilisimama pale katikati ya sakafu, haijui iende upande gani. Halafu likamjia lile lenyewe, na likamuuma kuliko goti. Wiki tatu nzima, yeye akijiona salama kitandani na friza yake, jina lake lilikuwa kwenye orodha ya kanisani ya watu wa kupikiwa, katikati ya wagonjwa na wajane, na Nybo nzima ilikuwa ikimpikia.

"Kwa hiyo wamenilisha," alisema.

"Wamenilisha mimi. Wewe hukuwepo."

"Ni mamoja."

Machozi yalimtoka. Hakuyafuta, kwa sababu kufuta kungekuwa kukiri kwamba yapo. Orrin, ambaye kwa machozi alikuwa na ujuzi ule ule alionao kwa mapishi, aliinuka akashuka ngazi. Ardella akasikia kifuniko cha friza, vitu vikigongana, neno moja la shambani. Orrin akapanda na kitu kilichozongwa foili nyingi kama mzigo wa kupelekwa vitani, akaanza kuivua tabaka kwa tabaka. Akakitia ndani ya oveni na kuzungusha kitasa mpaka mia tatu na hamsini bila kuuliza.

"Nini hicho?"

"Sikutaka ufike ukose," alisema, akiwa amempa mgongo. "Nimevitengeneza mwenyewe."

"Wewe?"

"Vya kwanza havikufaa. Sikujua vinatobolewa. Vilipasuka humo ndani, kimoja kikafungua mlango wa oveni. Marlys alivuka barabara mbio, na soksi tu thelujini. Alidhani nimejipiga risasi."

"Kwa nini ujipige risasi?"

"Kwa upweke, alisema. Jioni akaleta bakuli."

Ardella aliuma midomo, lakini kicheko kilimponyoka puani. Waliketi dakika arobaini na tano wakiisubiri ile oveni, na Orrin akainuka mara tano kuchungulia, na mara tano Ardella hakumwambia kwamba anapoteza joto. Hilo lilimgharimu.

Kiazi kilipofika mbele yake, alikitazama kwa muda. Upande mmoja ukuta ulikuwa mnene kama wa ghala, upande wa pili ulionyesha mwanga. Madonge yalikuwa ya ukubwa wa njegere, na mengine ya ukubwa wa kitu kingine. Bekoni haikuwa imekatwa. Ukanda mzima ulikuwa umelazwa juu, kama mtu aliyechoka. Aliweza kuona kila mahali Orrin alipokosea na, kwa kila kosa, mahali alipojaribu kulirekebisha. Alimpenda mwanamume huyu kwa namna iliyomkera.

Katika miaka yao arobaini na sita hakuwahi kula kitu kilichopikwa na Orrin. Hakuwa ameliona jambo hilo mpaka uma ulipokuwa mkononi.

Akala. Chumvi haikuwemo kabisa. Katikati kulikuwa bado na baridi kidogo. Orrin alisimama kando ya kiti, mikono haijui pa kukaa, akiufuata uma kwa macho kila ulipopanda na kushuka. Ardella alikula mpaka ganda, akaufuta uma kwa ulimi, akauweka.

"Basi?" aliuliza Orrin.

"Kipo kingine?"

Orrin alikuwa ameshafika ngazini kabla swali halijaisha. Ardella akasikia miguu yake mizito ikishuka, akasikia kifuniko kikifunguliwa, na huko chini, katika baridi na giza na mabakuli ya watu, mzee ambaye hakuwahi kuimba hata kanisani alikuwa anaimba. Hapa juu oveni ilikuwa bado moto. Ardella akaivuta sahani yake tupu karibu, akaweka mikono miwili mapajani, akangoja kuletewa.