Chai ya Bondeni Mbele ya Bibi Ranmenike

Tangu asubuhi ile dada yangu Somalatha alikuwa hashikiki. Alifagia uwanja mara mbili, mvua ikauchafua mara mbili, naye akamlaumu mumewe, Wimalasena, kana kwamba ndiye aliyeifungulia. Mimi nilikuwa jikoni nakata wali wa nazi ulioshikamana vipande vya sherehe, najichekea. Wageni walikuwa wanakuja kumposa binti yake, Inoka, na sote tulijifanya hatujui kwamba Inoka na mposaji, Pubudu, wamependana miaka miwili. Pubudu ni mwalimu aliyeletwa kwetu Akuressa kutoka milimani, na chai ya nyumba hii ameinywa mpaka paka anamjua.

Tatizo lilikuwa mama yake. Bibi Ranmenike, mjane anayeishi Walapane, huko milimani, hakuwahi kushuka huku, kwa kuwa aliamini watu wa bondeni hatuna adabu na chai yetu ndiyo haina kabisa. Kwao milimani chai huota kwenye ukungu na baridi, ikawa nyepesi, ya rangi ya dhahabu, yenye harufu ya maua. Nzuri, sikatai. Lakini yetu huota kwenye joto, ubavuni mwa pilipili manga, mvua ikiipiga na jua likiifuata, na jani linanona upesi. Likishanyaushwa na kuviringwa huwa jeusi tititi. Ukilitia maji ya moto unapata kitu kizito, chekundu, chenye ladha ya sukari iliyoungua kidogo. Babu yetu alipong'oa mdalasini wake apande chai, watu walimwita mwendawazimu. Wajukuu wa hao waliomcheka wote leo wanachuma chai. Kwa hiyo mtu akiitukana, mimi damu hunichemka.

Siku ya posa binti ndiye huleta chai. Wageni wakiimaliza, mazungumzo yanaendelea. Kikombe cha mama wa mposaji kikirudi kimejaa, basi, wamekataa, na hakuna wa kuulizwa sababu.

Wageni walifika mapema. Kwa hofu Somalatha alitia majani konzi nzima, akamimina vikombeni. Inoka akainua sinia. Hapo Wimalasena akaziba mlango kwa mikono yote miwili.

"Bado! Saa njema haijafika."

"Wewe mwanamume, chai inapoa!"

"Na ipoe. Mnajimu kasema binti asivuke kizingiti kabla ya saa yake. Unataka aachike, arudi hapa na masanduku?"

"Atarudi kwa sababu ya kichwa chako hicho!"

Walibishana, lakini kwetu hakuna anayeshindana na mnajimu, hata mimi. Tulisimama pale, Wimalasena kakodolea macho saa ya ukutani, upepo wa mvua ukituingilia dirishani. Hatimaye akatupisha.

Kufika sebuleni nikavitazama vikombe, moyo ukanipasuka. Chai ilikuwa imegeuka rangi, imetibuka kama maji ya mto baada ya mvua. Chai yetu ikiwa kali hufanya hivyo ikipoa, lakini nani kwetu huiacha ipoe?

Bibi Ranmenike alichungulia kikombe chake. "Niliomba isiyo na maziwa."

"Haina maziwa, dada," nikamwambia.

"Basi ina nini? Tope?"

Akakisukuma kikombe kwa kidole kimoja. Pubudu akakohoa. "Mama, hiyo chai..."

"Nyamaza. Siku ya posa naletewa maji ya mtaroni. Hii ni dalili." Akaanza kukusanya sari yake ainuke.

Inoka, ambaye siku hiyo kazi yake ilikuwa kutazama sakafu, akainua uso.

"Mama, usiondoke. Chai si chafu, imepoa tu. Baba aliizuia mlangoni." Wimalasena akaanza kuikagua dari. "Chukua kikombe chako, twende jikoni ukaone mwenyewe."

Mgeni wa posa jikoni! Somalatha nusura azimie, maana masufuria machafu yalikuwa yamejaa hadi mlangoni. Nadhani Bibi Ranmenike alikubali ili apate la kwenda kusimulia Walapane. Tukamfuata.

Inoka alimimina kile kikombe kwenye sufuria ndogo, akaiweka motoni. Haikuchukua muda. Akaimimina kwenye glasi, akaiinua dirishani. Ilikuwa nyekundu, imetakata, unaona vidole vyake upande wa pili.

"Ni ile ile. Sikuongeza kitu."

"Ya kwetu haijawahi kufanya mambo haya," akasema Bibi Ranmenike.

"Ya kwenu nyepesi, mama."

Somalatha akafunika uso kwa viganja.

"Binti, una mdomo wewe," akasema Bibi Ranmenike.

"Ninao. Kwa sababu usipoinywa hii nitalia mwaka mzima. Nampenda mwanao."

Jambo tulilolificha kwa ustadi mkubwa likasemwa hivyo, kati ya masufuria. Nilimwonea fahari mtoto yule.

Bibi Ranmenike aliipokea glasi, akaonja. "Chungu."

Nikamega kipande cha sukari guru ya mnazi nikamtilia kiganjani. "Huku hatukorogi, dada. Lamba, kisha unywe."

Akanitazama kama nimemwambia apande mti. Kisha akalamba. Akanywa. Akalamba tena. Akavuta kigoda akaketi, akanyoosha miguu na sari yake ya maana, akarudisha kichwa nyuma kumalizia.

"Pubudu!" akaita. Kijana akatokea mlangoni, rangi imemtoka. "Mjinga wewe. Miaka miwili unakunywa kitu hiki peke yako, na mimi mama yako unaniletea biskuti?"

Kumbe alijua kwamba wanapendana. Alijua siku zote!

Akamkabidhi Somalatha glasi. Dada yangu aliigeuza juu chini kuhakikisha, halikudondoka hata tone, akaangua kilio. Nami nikalia. Wimalasena akaja mbio kuuliza nani amekufa.

"Hawa watu wa bondeni," akasema Bibi Ranmenike, kiganja chake kimenyooshwa kwangu kuomba sukari guru nyingine. "Nimekubali, mnalia nini? Niongezeeni."