Pori Lililofagiwa

Bi Zuwena alifagia pori. Si uwanja, pori zima la bondeni, ekari na ushee, nyuma ya mikorosho yake. Mwenyekiti wa kitongoji, Mwinyijuma, alikuwa amepita kutangaza kwamba Alhamisi wataalamu wangekuja kukagua kila shamba lina kazi gani, ili kijiji kipangiwe matumizi ya ardhi. Sasa mgeni anakuja, wewe umwonyeshe kichaka? Akashinda na panga siku tatu, mgongo ukinung'unika kama mkwe aliyenyimwa wali. Mikindu chini, mchunga chini, Jumatano akamalizia na moto.

Alhamisi akatokea Telesphory, afisa mipango, kijana wa bara mwenye viatu vyeupe na kishikwambi mkononi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Pole na viatu."

Telesphory akacheka, akalitazama bonde. "Hapa panafanya kazi gani?"

"Nyingi. Wanawake wanakata ukindu wa mikeka. Wengine wanachimba dawa. Mvua ikinyesha, watu wanachuma mchunga na uyoga."

"Uko wapi huo ukindu?"

"Nimeufyeka. Si mlikuwa mnakuja?"

Mwinyijuma akageukia mkorosho, mabega yakimtikisika kwa kicheko.

"Mama, mimi najaza ninachokiona," Telesphory akasema, akabonyeza: eneo tupu, linafaa viwanja. "Lakini Jumatatu kuna mkutano wa kijiji. Waite wanaolitumia waje waseme. Wakisema, nafuta."

Jambo dogo, ungedhani. Ila tangu mumewe afariki, na Ally, mwanawe wa pekee, ahamie mjini, mtaa wa Picha ya Ndege, waliobisha hodi kwa Bi Zuwena ni hao wa bondeni tu. Aliwapa maji, wakampa umbea. Hiyo ndiyo kazi kubwa ya lile bonde, na hakumtajia Telesphory, maana angeibonyeza wapi? Viwanja vikipimwa na kuta zikainuka, nani atapita tena? Na hao watu wenyewe hakujua pa kuwafuata. Alijua nani kagombana na mumewe na nani kakimbia deni la kikoba; kwao hajawahi kukanyaga.

Akangoja. Ijumaa, kimya. Jumamosi, kuku tu.

Jumapili asubuhi akamwona Firdausi, mkata ukindu, amesimama kwenye kijia na kamba yake begani.

"Hongera, shangazi. Kumbe umeuza."

"Sijauza. Nilifagia."

"Pori?" Firdausi akatabasamu, tabasamu la kumstahi mkubwa anayeficha mambo yake. Upande ule pori likifyekwa hadi udongo, mnunuzi kashapatikana, nani asiyejua? "Tuliuona moshi. Wenzangu wamehamia bonde la jirani yako Onesmo. Mimi nikasema nije nikuage."

"Basi kesho njoo mkutanoni useme mnakata ukindu hapa."

"Tunakata kwa Onesmo sasa. Nikasimame mbele za watu niseme uongo?"

Akashika kijia, hata maji hakunywa.

Jumatatu Bi Zuwena akasimama mkutanoni peke yake.

"Bonde analitumia nani?" Telesphory akauliza, kidole juu ya kishikwambi.

"Mimi."

"Kwa kazi gani, mama?"

"Kungojea watu."

Mkutano mzima ukaangua kicheko, na yeye akacheka nao. Alikuwa hajacheka na mtu siku nyingi. Telesphory akasubiri kitulie, kisha akauliza kama kuna mwingine.

Hakuna aliyeinua mkono.