Mabawa ya Mbung'o

Bwana Mifugo Clementi alitoka Musoma na Landrova, viatu vinang'aa, na picha mbili za nzi ndani ya bahasha ya serikali. Mwaka ule wa kuhamia vijijini, hata nzi alitakiwa awe na picha ofisini.

Wankyo alikuwa na ng'ombe wanne, ndiyo mali yote aliyoachiwa na marehemu mumewe. Kesho yake walitakiwa kuhamia kijiji kipya, kando ya kichaka kilichotazama Bunda. Yeye alikuwaga anaokota kuni pale, na mbung'o wa pale alikuwa anawajua kwa meno yao. Ng'ombe wakihamia, zitabaki ngozi.

"Huyu ni mbung'o," alisema Clementi, akigonga picha ya kwanza. "Ona, kalaza bawa moja juu ya lingine. Huyu wa pili tulimnasa kichakani kwenu. Mabawa yametanuka huku na huku. Ni nzi wa zizini tu. Hamieni."

Mwenyekiti Ngolo akapiga makofi. Alipigaga makofi hata kwa mvua.

Wankyo akaisogeza picha puani. "Mwanangu, na hiki kilichomchoma mgongoni?"

"Pini, mama. Tulimbandika ubaoni apigwe picha."

"Na mabawa aliyatanua mwenyewe?"

Clementi akakohoa. "Tulimtanua. Ili aonekane vizuri."

"Kapendeza kweli. Hata mimi ukinivuta mikono hivyo, utaniandika tai."

"Wewe mama, unabishana na picha ya serikali?" Ngolo akafoka.

"Nibishane nayo mimi? Namwomba tu mgeni akakae kichakani kidogo. Hiyo suruali yake ya buluu, nzi wa pale wataipenda."

Clementi akaenda akicheka, Wankyo nyuma yake, akakaa juu ya kisiki. Hata kisiki hakijapata joto, akaruka, kiganja juu.

"Usimpige!" Wankyo akamdaka mkono. "Mtazame kwanza, mtaalamu. Mabawa yamekaaje?"

Nzi alikuwa katulia pajani kama mkwe aliyepakuliwa nyama. Akaja wa pili, na wa tatu.

"Yamelala," Clementi akanong'ona, machozi yakimlengalenga. "Moja juu ya lingine."

"Haya, linganisha na picha. Usiharakishe, baba, tuna siku nzima."

Ripoti aliiandikia juu ya boneti, akijikuna: baada ya uchunguzi wa kina wa wataalamu, kichaka kimeonekana kina mbung'o, mifugo isihamie. Jina la Wankyo halikuwemo. Ngolo akapiga makofi.

Wankyo hakuyasikia. Alikuwa keshaondoka; ng'ombe wake walikuwa hawajanywa maji.