Bakuli la Baba Gil-su

Asubuhi ya Chuseok, sikukuu ya mavuno na ya kuwalisha mababu, nyumba ilinukia majani ya msonobari na mikate ya mchele, na Jeom-rye alikuwa amenuna. Wifi yake Mal-sun alikuja tangu jana kumsaidia kupika chakula cha mababu, na tangu jana hajafunga mdomo.

"Wifi, mikate gani hii imevimba hivi? Mfinyanga mikate mibaya huzaa mtoto mbaya; bahati yako ulishazaa, la sivyo ungepata mwenye sura ya chura!"

"Haya, ifinyange wewe mwenye mikono ya dhahabu."

Lakini macho ya Mal-sun yalikuwa kwenye blanketi lililokunjwa pembeni, pale sakafu inapopashwa joto na jiko. Chini yake kulikuwa na bakuli la shaba lenye kifuniko, limejaa wali. Ni la Man-sik, mume wa Jeom-rye. Askari walimchukua wakati wa vita, kiatu kikabaki uani. Tangu hapo mkewe humpakulia yeye kwanza, akauficha wali pale usipoe, mume akirudi asikute chakula baridi. Kesho yake hula kiporo kile yeye mwenyewe, kisha anampakulia wali mwingine. Nywele zote zimekuwa nyeupe, bado anapakua.

"Mwaka huu mwekee bakuli lake kwenye meza ya mababu," Mal-sun akasema.

"Hajafa."

"Angekuwa hai, sasa angekuwa mzee wa kubebwa."

"Basi nitambeba!"

"Na kama alikufa siku ileile? Wafu wenzake wote leo wanaitwa kula, yeye kasimama nje ya mlango. Ana njaa, wifi! Kaka yangu unamshindisha njaa miaka yote hii, wewe na mapenzi yako!"

Jeom-rye alitaka kumtukana, akaishia kulitazama blanketi. Siku zote aliogopa kijiko cha wafu tu. Kwenye meza ya wafu kijiko husimamishwa katikati ya wali, na kumsimamishia mtu aliye hai ni kumzika kwa mkono wako. Habari ya njaa hakuwahi kuiwaza. Ikamuuma vibaya sana.

Gil-su, mwanawe aliyekuwa tumboni baba alipochukuliwa, alikuwa akimimina pombe mbele ya meza yenye majina ya mababu. Mama yake akaingia na bakuli kifuani, lingali na joto. Akaliweka, akalifunua, akashika kijiko. Gil-su akanyoosha mkono kumsaidia.

"Niache."

Akakisimamisha mwenyewe.

"Kula, baba Gil-su. Nisamehe, nimekuchelewesha."

Aliyeangua kilio ni Mal-sun. Jeom-rye hakutoa hata chozi.

Mchana akapakua chakula cha watu wa nyumbani. Mkono wenyewe ukaanza na bakuli lile la shaba. Akalifunika, akaenda nalo mpaka kwenye blanketi, akainua pembe. Akasimama tu.

"Wifi," Mal-sun akamwita taratibu, "njoo ule."

Jeom-rye akaketi palepale, akafungua bakuli la mumewe, akatia tonge mdomoni. Alikuwa amesahau wali wa moto ukoje. Akalia huku anatafuna.